Majina ya Tovuti Yanapogoma Baada ya Kusasisha Kerneli ya Linux

Kerneli ya Linux haitafuti anwani za tovuti. Programu inayotaka kufungua ukurasa huiomba maktaba ya C ya mfumo. Maktaba husoma `/etc/nsswitch.conf` ili kujua iulize wapi kwanza, hupitia `/etc/hosts`, kisha hupeleka swali kwa seva ya DNS iliyoandikwa kwenye `/etc/resolv.conf`. Kerneli ni tarishi tu: hutoa swali nje kupitia kadi ya mtandao na kurudisha jibu, kwa kawaida kwa UDP, poti 53. Kwa hiyo kompyuta inapowaka na kerneli mpya kisha ikashindwa kutambua jina lolote, chanzo ni kimoja kati ya viwili. Ama kerneli mpya imekosa kitu cha mtandao, kama vile draiva au moduli ya faiwoli au ya VPN. Ama kerneli haina kosa lolote, na kilichovuruga mambo ni kule kuzima na kuwasha.

Kabla ya kurekebisha chochote, lazima ijulikane ni lipi kati ya hayo mawili. Anayeruka hatua hiyo huanza kuhariri faili lisilo na ubaya, na jioni huwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kwa nini kuwasha upya peke yake kunatosha kuharibu

Seva, au hata kompyuta ya ofisini, inaweza kukaa miezi bila kuzimwa. Ndani ya miezi hiyo mtu anahariri faili la DNS kwa mkono, anasakinisha dnsmasq (seva ndogo ya DNS) na kuisahau, VPN inaacha anwani zake nyuma, na pakeji za systemd zinasasishwa. Mengi ya hayo hayaonekani hadi mfumo uanze upya. Na kinachomlazimisha mtu kuwasha upya, mara nyingi, ni kerneli mpya. Katika Ubuntu, huduma ya unattended-upgrades huweza kuisakinisha kimyakimya, kisha mwenye kompyuta akaizima usiku na asubuhi akaamkia kerneli asiyojua kuwa ipo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa `/etc/resolv.conf`. Katika Ubuntu ya kawaida hilo si faili bali ni kiungo kinachoelekeza kwenye `/run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`, na saraka ya `/run` hukaa kwenye RAM. Anayelifungua kwa nano na kuongeza mstari wa `nameserver 1.1.1.1` anaandika kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Mambo yanaenda vizuri kwa muda, naye anaamini amemaliza kazi. Siku ya kuwasha upya mstari haupo, tatizo la zamani linarudi, na kerneli inabebeshwa lawama.

> KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE
> - Usifute kerneli ya zamani. Amri ya `apt autoremove` isubiri hadi tatizo liishe. Kerneli ya zamani ndiyo kipimo bora kilichopo.
> - Usilifunge `/etc/resolv.conf` kwa `chattr +i`. Ushauri huo umesambaa sana, na huzalisha hitilafu ngumu kuitambua miezi ijayo.
> - Nakili kwanza matokeo ya `uname -r`, `ls -l /etc/resolv.conf` na `cat /etc/resolv.conf` kwenye daftari au simu.
> - Kama kompyuta inatumia data ya simu, hakikisha bando halijaisha.

Kupima tabaka kwa tabaka

Vipimo vifuatavyo vinaanzia chini, kwenye kadi ya mtandao, na kupanda hadi kwenye jina. Vifuatwe kwa mpangilio huu, na pa kusimama ni pale kipimo chochote kinaposhindwa kwa mara ya kwanza.

1. Andika `uname -r`, kisha `ls /lib/modules`. Lazima kuwe na saraka yenye jina lile lile la kerneli inayofanya kazi. Ikikosekana, moduli mpya haziwezi kupakiwa.
2. Andika `ip -br addr`. Tafuta kadi yenye hali ya UP na anwani ya IP. Ikionekana `lo` peke yake, kadi haijatambuliwa kabisa.
3. Andika `ip route`. Mstari unaoanza na `default via` ndio njia ya kutokea nje. Jaribu `ping -c 3` kwa anwani iliyo kwenye mstari huo, yaani ruta.
4. Andika `ping -c 3 1.1.1.1`. Hapa hakuna jina. Mtandao unapimwa bila DNS.
5. Andika `dig @1.1.1.1 example.com`. Hapa seva ya nje inaulizwa moja kwa moja, bila kupitia mipangilio ya kompyuta. Kama dig haipo, iko kwenye pakeji ya bind9-dnsutils kwa Debian na Ubuntu, au bind-utils kwa Fedora.
6. Andika `dig example.com`, bila kutaja seva. Sasa inatumika seva iliyo kwenye `/etc/resolv.conf`.
7. Andika `getent ahosts example.com`. Hii ndiyo njia inayopitiwa na programu za kawaida.

Tofauti kati ya kipimo cha 6 na cha 7 huwachanganya hata wazoefu. Dig husoma `/etc/resolv.conf` lakini haigusi `/etc/nsswitch.conf`. Getent huvigusa vyote. Dig ikijibu na getent ikakataa, kosa liko kwenye mstari wa `hosts:` wa nsswitch au kwenye `/etc/hosts`, wala si kwenye seva ya DNS.

Kivinjari kisitumike kama kipimo. Firefox inaweza kuuliza majina kwa njia yake yenyewe, kupitia HTTPS, ikaupita mfumo mzima. Tovuti zitafunguka vizuri huku `apt update` ikilalamika, na mtu atadhani apt ndiyo mbovu.

> UJUMBE KWENYE SKRINI NA MAANA YAKE
> `Temporary failure in name resolution`: seva haikufikiwa, au ilifikiwa ikashindwa kutoa jibu. Mara nyingi ni njia au seva, si jina.
> `Name or service not known`: jibu limepatikana kwamba jina halipo, au mfumo haukupata pa kuuliza. Hakiki tahajia kwanza.
> `connection refused` kwa 127.0.0.53: huduma ya systemd-resolved haifanyi kazi.
> `SERVFAIL`: seva imefikiwa lakini imeshindwa kupata au kuthibitisha jibu.
> `REFUSED`: seva imefikiwa, ila haitaki kumhudumia huyu anayeuliza.

Muda nao unasema. Kwa kawaida maktaba ya glibc husubiri sekunde 5 kabla ya kuhamia seva inayofuata. Kila jina likichelewa sekunde 5 hivi kisha likafunguka, seva ya kwanza kwenye orodha imekufa na ya pili ndiyo inayojibu. Glibc hutambua seva tatu tu kwenye `/etc/resolv.conf`, ya nne na kuendelea hupuuzwa, kwa hiyo kurundika anwani sita hakuongezi usalama wowote.

Kipimo cha kuamua: kerneli ya zamani

Kerneli ya zamani huwaka juu ya pakeji na mipangilio ile ile ya sasa. Kinachobadilika ni kerneli na moduli zake tu, na hapo ndipo penye thamani ya kipimo hiki.

1. Washa kompyuta upya. Menyu ya GRUB isipotokea yenyewe, shikilia kitufe cha Shift kwenye mashine za BIOS, au gonga Esc kwenye za UEFI.
2. Chagua `Advanced options`, kisha kerneli yenye namba ya toleo ndogo zaidi. Usichague ile yenye maneno `recovery mode`.
3. Rudia vipimo vya 4 hadi 7.

Tatizo likibaki vile vile, kerneli mpya haina hatia, na msomaji anaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya mipangilio ya DNS hapa chini. Likitoweka, kuna moduli inayokosekana au iliyobadilika tabia.

Kwenye seva ya mbali isiyo na skrini, hatua hii ichukuliwe tu kama mtoa huduma anatoa konsoli ya dharura. Seva isiyo na DNS bado inaingilika kwa SSH kupitia anwani ya IP. Seva iliyowashwa vibaya haiingiliki.

Ping kwa namba ikishindwa: draiva

Hapa DNS ni mwathirika tu. Draiva nyingi zimo ndani ya kerneli yenyewe, lakini baadhi hujengwa kando kwa DKMS kila kerneli mpya inapokuja: draiva ya `wl` ya kadi za Wi-Fi za Broadcom, kwa mfano, au zile za baadhi ya kadi za Realtek. Ujenzi ukikwama, kerneli mpya inaingia bila draiva hiyo. Mara nyingi hukwama kwa sababu vichwa vya kerneli mpya havikusakinishwa, au kwa sababu toleo la draiva ni la zamani mno kwa kerneli hiyo.

1. Andika `lspci -nnk` na utafute kadi ya mtandao. Chini yake kunapaswa kuwa na mstari `Kernel driver in use`. Ukikosekana, kadi inaonekana lakini haina wa kuiendesha.
2. Andika `dkms status`. Kila draiva inapaswa kuonyesha neno `installed` mbele ya namba ya kerneli iliyotoka kwa `uname -r`.
3. Pata mtandao wa muda. Unganisha simu ya Android kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki mtandao kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama kadi ya waya, kwa draiva zilizomo ndani ya kerneli, hivyo Wi-Fi haihitajiki.
4. Sakinisha vichwa: `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`.
5. Jenga upya: `sudo dkms autoinstall`. Ikishindwa, soma faili la `make.log` chini ya `/var/lib/dkms`. Kosa la kwanza kwenye orodha ndilo lenye maana, yaliyobaki huwa ni mkia wake.
6. Pakia moduli kwa `sudo modprobe` na jina lake.

Modprobe ikijibu `Key was rejected by service`, draiva imejengwa sawasawa lakini Secure Boot imeikataa kwa kukosa sahihi inayotambulika. Amri ya `mokutil --sb-state` itathibitisha. Tiba safi ni kusajili ufunguo wa mwenye mashine (MOK). Kuzima Secure Boot ni njia ya mkato yenye gharama yake kwa usalama.

Kuna hali mbili ndogo zinazofanana na hii. Kwenye Arch, kusasisha kerneli huondoa moduli za ile inayoendelea kufanya kazi, kwa hiyo kitu chochote kinachohitaji moduli mpya, iwe VPN au simu ya USB, hugoma hadi kompyuta iwashwe upya. Dawa ni hiyo hiyo tu. Na kwenye mashine yoyote, sehemu ya `/boot` iliyojaa inaweza kukatisha usakinishaji wa kerneli katikati. Amri ya `df -h /boot` huonyesha.

Jina la kadi nalo linaweza kubadilika. Majina kama `enp3s0` hutokana na nafasi ya kifaa kwenye basi ya PCI, na kerneli mpya ikitambua kifaa cha ziada, kadi ile ile inaweza kuitwa `enp4s0`. Faili la netplan linalotaja jina la zamani halitaipa kadi anwani wala seva ya DNS. Rekebisha faili lililo chini ya `/etc/netplan`, kisha tumia `sudo netplan try` badala ya `apply`: mabadiliko yasipothibitishwa ndani ya sekunde 120, hurudishwa yenyewe. Kwa anayefanya kazi kwa SSH, sekunde hizo ni wokovu.

Ping ikipita lakini dig ya moja kwa moja ikishindwa: faiwoli

Njia iko wazi, ila maswali ya poti 53 hayarudi na jibu. Hali hii hupatikana sana kwenye mashine zinazolindwa na skripti ya iptables iliyoandikwa zamani. Skripti ya aina hiyo huanza kwa kufunga kila kinachoingia, kisha hufungua kimoja kimoja: mstari mmoja wa ICMP, mmoja wa SSH, na mmoja unaoruhusu majibu ya mawasiliano yaliyoanzishwa na mashine yenyewe. Mstari huu wa mwisho unahitaji moduli ya `nf_conntrack`. Moduli isipopatikana kwenye kerneli mpya, mstari unashindwa huku ile mingine ikiendelea. Matokeo yake ni ya kushangaza: ping inapita kwa sababu ina mstari wake, SSH inaingia kwa sababu ina mstari wake, lakini jibu la DNS linatupwa mlangoni.

1. Fungua dirisha moja na uandike `sudo tcpdump -ni any port 53`.
2. Kwenye dirisha la pili, rudia `dig @1.1.1.1 example.com`.
3. Swali likionekana likitoka na jibu likiingia, lakini dig bado inasubiri, faiwoli ya ndani ndiyo inayotupa jibu. Jibu lisipoonekana kabisa, kizuizi kiko nje ya kompyuta.
4. Kagua kanuni kwa `sudo nft list ruleset` au `sudo iptables -S`, kisha jaribu `sudo modprobe nf_conntrack`.

Baadhi ya ofisi na vyuo huzuia DNS ya nje makusudi na kuruhusu seva yao tu. Kipimo cha 5 kikishindwa na cha 6 kikapita, hakuna ugonjwa.

Seva ya nje ikijibu lakini mfumo ukigoma: mipangilio ya DNS

Huku ndiko wengi huishia. Ubuntu na Fedora (tangu toleo la 33, mwaka 2020) hutumia systemd-resolved, inayosikiliza kwenye 127.0.0.53. Kwenye Debian 12 huduma hiyo ni pakeji inayojitegemea, na huenda haipo kabisa. Hatua za hapa chini zinahusu mifumo inayoitumia.

1. Andika `systemctl status systemd-resolved`. Ikiwa imesimama, iwashe kwa `sudo systemctl enable --now systemd-resolved`.
2. Ikikataa kuwaka au ikilalamika kuhusu poti, andika `sudo ss -lunp 'sport = :53'`. Dnsmasq, BIND au kontena iliyokamata poti 53 kwenye anwani zote ndiyo mshukiwa. Programu hizi hukimbizana mfumo unapowaka: iliyotangulia jana si lazima itangulie leo.
3. Andika `resolvectl status`. Tazama mstari wa `resolv.conf mode`. Neno `stub` ni zuri. Neno `foreign` lina maana kwamba faili limeandikwa na mtu au programu nyingine. Neno `missing` lina maana kwamba halipo.
4. Kama ni `foreign` au `missing` na halikuwekwa hivyo makusudi, rudisha kiungo: `sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf`. Ikijibu `Operation not permitted`, kuna aliyelifunga. Lifungue kwa `sudo chattr -i /etc/resolv.conf` na urudie.
5. Kwenye matokeo yale yale ya `resolvectl status`, tafuta kadi inayotumika na uone kama ina mstari wa `DNS Servers`. Usipokuwepo, kadi haikupewa seva yoyote.
6. Jaribu seva kwa muda: `sudo resolvectl dns` ikifuatwa na jina la kadi na `1.1.1.1`. Mpangilio huu hupotea kompyuta ikizimwa, na ndiyo maana unafaa kwa majaribio.
7. Majina yakianza kufunguka, weka mpangilio wa kudumu pale unapostahili. Kwa NetworkManager: `nmcli connection modify "Jina la mtandao" ipv4.dns "1.1.1.1 9.9.9.9"`, kisha `nmcli connection up "Jina la mtandao"`.

Anwani ngeni kwenye orodha ya seva, tuseme 10.8.0.1, huwa ni masalia ya VPN iliyokatika kabla ya kufuta nyayo zake. Maswali yote yanaelekezwa kwenye handaki lisilokuwepo. Kuunganisha VPN na kuikata vizuri mara nyingi husafisha. VPN yenyewe isipowaka, kagua moduli zake: `tun` kwa OpenVPN, `wireguard` kwa WireGuard, ambayo imo ndani ya kerneli rasmi tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Anayeendelea kuijenga kwa DKMS kwenye kerneli ya baada ya hapo anajitafutia taabu bure.

Saa ya kompyuta

Mashine inayohakiki sahihi za DNSSEC hukataa majibu saa yake ikiwa imepotea, kwa sababu sahihi hizo zina tarehe za kuanza na kuisha. Betri ya ubao mama ikichoka, kila kuwasha upya huirudisha saa nyuma. Kinachokera ni mzunguko wake: seva za saa hutafutwa kwa majina, na majina hayapatikani mpaka saa iwe sawa. Linganisha `dig example.com` na `dig +cd example.com`. Ya pili ikijibu baada ya ya kwanza kutoa `SERVFAIL`, uhakiki ndio unaokwama. Weka saa kwa mkono kwa `sudo date -s`, kisha nunua betri.

Makosa yanayojirudia

Kusakinisha mfumo mzima upya, wakati vipimo saba huchukua dakika chache. Kubadilisha mambo matatu kwa pamoja, kisha kutojua lipi limeponya. Kuzima IPv6 bila sababu. Kutatua DNS ndani ya kontena za Docker kabla ya kuhakikisha mashine mama inatambua majina.

Kubaki kwenye kerneli ya zamani kwa muda

Ikithibitika kuwa kerneli mpya ndiyo yenye kasoro, kuishi na ya zamani kwa siku chache si aibu. Kwenye Ubuntu, `sudo apt-mark hold linux-generic linux-image-generic linux-headers-generic` husimamisha kerneli mpya. Fedora huhifadhi kerneli tatu kwa kawaida, kwa hiyo inatosha kuchagua ya zamani kwenye menyu. Kizuizi kiondolewe kwa `apt-mark unhold` mara tu toleo lililorekebishwa linapotoka, kwani kerneli iliyosimamishwa haipokei viraka vya usalama.

> BAADA YA KUREKEBISHA
> ☐ Kompyuta imewashwa upya, na `getent ahosts example.com` inajibu bila kuguswa.
> ☐ `resolvectl status` inaonyesha `stub`, na seva zinazojulikana tu.
> ☐ `dkms status` inaonyesha `installed` kwa kerneli ya sasa.
> ☐ VPN imeunganishwa, ikakatwa, na majina bado yanafunguka.
> ☐ Angalau kerneli moja ya zamani bado ipo kwenye menyu ya GRUB.